Mashine ya kupima sukari nyumbani: mfuko umeumia lakini kelele za mezani zimeisha

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki nitawaambia imeenda wapi. Hii ni ile mashine ndogo ya kutoboa kidole unaweka tone la damu inakuambia sukari ni ngapi, tulinunua kwa kemisti moja hapa Kisumu mjini baada ya mama mkwe kuambiwa kliniki ati sukari yake inapanda na kushuka ovyo na lazima tuanze kumfuatilia nyumbani. Jina la kampuni siandiki. Kwanza hakuna mtu amenilipa, pili kuna mahali nitalalamika na sitaki maneno, tatu hizi mashine karibu zote zinafanya kazi sawa kwa hivyo hata ukichukua ingine bado haya yatakusaidia.

Mama ni mtu wa sitini na kitu, ako na sukari ya aina ya pili na presha kidogo, anameza tembe, hajafika kwa sindano. Kwake ni Nyakach lakini siku hizi anakaa sana na sisi huku Migosi. Watoto wanamwita Dani na mimi pia hapa nitamwita Dani maana ndiyo jina lake la nyumba. Yeye ananiita nyar Vihiga, yaani binti wa Vihiga, na kama unajua watu wa Vihiga na ugali basi ushajua kesi nyumbani kwetu zilikuwa zinaanzia wapi.

Bei. Mashine nililipa 2,500. Ndani ya boksi kuna mashine yenyewe, kalamu ya kutobolea, visindano 10, stripi 10, betri, kipochi cheusi cha zipu na karatasi ya maelezo imeandikwa maandishi madogo hadi mzee wangu alipiga picha na simu ndiyo a-zoom. Ukitoka na huo mfuko unajiona umemaliza kununua. Hujamaliza bana. Mashine ndiyo rahisi, pesa iko kwa stripi. Chupa ya stripi 50 nanunua 1,500, yaani kila ukitoboa kidole shilingi 30 imeenda, na stripi ikikosa damu ya kutosha inaandika eror na hiyo 30 hairudi. Halafu stripi za kampuni moja haziingii kwa mashine ya kampuni ingine, hata ukisukuma namna gani. Kwa hivyo usiulize bei ya mashine kwanza, uliza bei ya stripi, na usiulize kwa kemisti mmoja, pitia kadhaa uone kama wote wanaziweka. Kuna mashine za bei ya chini sana zinauzwa na hata zingine watu wanapewa bure, halafu stripi zake utazitafuta Kisumu nzima mpaka uambiwe ati ziko Nairobi.

Hiyo nyota niliyoinyima imeenda hapo. Sisi stripi zetu zilipotea mjini muda mrefu, kila kemisti ni "rudi wiki ijayo mami", na siku zilirudi zikarudi na bei ingine. Na kuna mmoja, simtaji, aliniuzia chupa ambayo tarehe yake ya kuekspaya ilikuwa imebaki siku chache tu, niliigundua nikiwa kwa matatu, nikashuka nikarudi nayo, akaniambia ati stripi haziharibikagi hiyo ni tarehe tu ya kampuni. Zinaharibika. Juu ya stripi kuna kemikali, kimeng'enya, ndicho kinachoshikana na sukari ya damu na kutoa kaumeme kadogo ambako mashine inakasoma na kukageuza namba. Hicho kimeng'enya kikizeeka au kikiingia unyevu namba inakuwa ya uongo na huwezi kujua kwa kuangalia na macho. Soma tarehe ukiwa bado kaunta, na soma mbili: ile ya boksi, na ile ya baada ya kufungua, kwa sababu chupa nyingi ukishafungua zinakupa miezi mitatu ama sita tu hata kama tarehe ya boksi iko mbali. Sisi tunaandika siku ya kufungua juu ya chupa na biro.

Na joto la Kisumu sasa. Chupa imeandikwa isipite nyuzi 30. Hapa kwetu saa nane mchana chini ya mabati bila silingi unapita hiyo ukiwa umekaa tu hujafanya kitu. Dani alikuwa anaiweka dirishani ndiyo aione vizuri, nikaitoa, sai inakaa kwa kabati la chini sebuleni penye simenti ni baridi, na kifuniko kinafungwa mara moja ukitoa stripi moja, si unaiacha wazi ukienda kutafuta kidole. Usihamishe stripi kwa karatasi ya nailoni ati ndiyo utembee nazo kidogo kidogo, ile chupa yake ina kitu ndani cha kunyonya unyevu.

Kitu kingine hakuna mtu alituambia ni mambo ya vipimo. Mara ya kwanza kabisa tumempima Dani, familia nzima imesimama, mashine ikaandika 142. Mia moja arobaini na mbili! Kliniki wanamwambia 8, 9, siku mbaya 12. Jirani aliyekuja kuona akaanza kuomba. Shemeji alikuwa kwa simu kutoka Nairobi anapiga kelele mpeleke Russia sai sai (Russia ndiyo watu wa hapa tunaita hospitali kuu ya Jaramogi), mzee wangu ashavaa viatu, Dani mwenyewe amekaa tu anatuangalia anasema mbona mimi najisikia niko sawa. Ni msichana wangu wa Gredi 7 alichukua ile mashine akaigeuzageuza akasema hapa kando ya namba kumeandikwa mg, na kwa kadi ya kliniki ya Dani kumeandikwa mmol. Kumbe mashine ilikuwa imewekwa vipimo vya Marekani. Ukitaka kugeuza hiyo namba unagawa kwa 18, kwa hivyo 142 ni kama 7.9, na hiyo kwa mtu ashakula chai na kiazi si kitu ya kuvalia viatu. Kuna mashine unaweza kubadilisha kwa kubonyeza, kuna zingine zimefungwa hivyo kutoka kiwandani. Yetu ilikubali kubadilishwa. Huku Kenya hospitali zinatumia mmol, kwa hivyo waambie hapo dukani waiwashe mbele yako uone imeandikwa nini kando ya namba.

Sasa kupima kwenyewe, nitasema haraka maana karatasi inasema pia. Osha mikono na sabuni na maji, kausha. Hii si mambo ya usafi tu. Dani siku moja alikuwa amemenyea watoto embe, akajipima mwenyewe, 17.4. Tukamwambia aoshe mikono apime tena kidole kingine, 8.2. Ni sukari ya embe ilikuwa kwa ngozi. Ukitumia spiriti ngoja ikauke kwanza. Toboa kando ya kidole, si pale katikati mbele, pale mbele ndipo kunauma na ndipo mtu anashikia vitu, na mzungushe vidole usimalizie kimoja. Kalamu iko na namba za kina, Dani tulianza na 4 kwa sababu mikono ya shamba ni migumu, mimi nikijipima naweka 2. Usikamue kidole sana, ninginiza mkono chini kidogo damu ishuke. Visindano vilivyotumika tunatia kwa jerikeni ndogo ya mafuta ya kupikia yenye kifuniko, ikijaa naipeleka hospitali siku ya kliniki, usitupe kwa taka za ploti watoto wanachezea huko.

Wengi wataniuliza kama inasema ukweli. Shemeji aliuliza pia, tena kwa sauti, kwa sababu asubuhi moja kliniki walipata 9.0 na sisi kabla tutoke nyumbani tulikuwa tumepata 10.1, akasema tumeuziwa takataka. Sivyo. Kiwango cha kimataifa cha hizi mashine, ISO 15197 cha 2013, kinaruhusu namba icheze asilimia 15 juu ama chini ya ile ya maabara, yaani kama maabara ingesema 10, mashine ikisema 8.5 ama 11.5 bado haijakosea. Kwa hivyo usipigane juu ya pointi. 7.8 na 8.3 ni kitu kimoja, angalia inaelekea wapi siku kwa siku. Na kitu cha kujua kwa watu wa huku ziwani hasa: mtu akiwa na upungufu wa damu mashine nyingi zinamsomea juu kuliko ukweli, na huku kwetu malaria na selimundu (sickle cell) ziko nyingi. Hata ile HbA1c, kipimo cha maabara cha kuonyesha wastani wa miezi kama mitatu, kwa mtu wa selimundu inaweza kudanganya kabisa. Ukiwa na hali kama hiyo mwambie daktari mapema asije akabadilisha dawa kwa namba ya uongo.

Haya, nije kwa sababu yenyewe ya nyota nne.

Nyumbani kwetu chakula kilikuwa vita. Kila mtu alikuwa daktari. Shemeji anasema ugali wa wimbi haupandishi sukari, mama ale anavyotaka. Mama kanisa mmoja anasema asali ni sawa kwa sababu ni ya Mungu. Mzee wangu anasema matunda hayana shida. Dani mwenyewe anasema miaka yote alikula na hakufa. Na mimi nikipunguza ugali kwa sahani yake naonekana mkamwana mbaya anayenyima mama wa wenyewe chakula, na kwa Waluo hiyo si jina unataka. Tangu mashine iingie imekuwa refa wa nyumba. Hakuna kubishana, tunapima kabla ya kula, tunapima masaa mawili baada ya tonge la kwanza, namba ndiyo inasema.

Mechi ya kwanza ilikuwa ugali wa wimbi. Shemeji alikuwa amekuja, akasisitiza, Dani akala kuon ya wimbi mlima mzima na samaki. Kabla alikuwa 7.6. Baada ya masaa mawili 13.8. Shemeji akasema mashine. Siku ingine tukampa ugali mweupe wa kawaida, wa mahindi, lakini saizi ya ngumi yake tu, na mboga ya osuga nusu sahani na samaki ngege wa mchuzi. Alianza karibu palepale, 7.4, akamaliza 9.3. Mweupe! Shemeji alinyamaza akaomba maji. Si kwamba wimbi ni mbaya, wimbi ina nyuzinyuzi zaidi na mimi ndiyo nanunua sai, lakini unga ni unga, ni wanga, na mlima wa wanga wa rangi yoyote unakuwa sukari ukifika tumboni. Watu wa lishe kliniki walikuwa wanasema hivyo hivyo siku zote, nusu ya sahani mboga, robo wanga, robo samaki ama nyama ama maharagwe, na Dani alikuwa anaitikia na kichwa anarudi nyumbani anaendelea. Alipoona mwenyewe 13.8 ndipo alianza kupunguza bila kuambiwa. Sasa akipakuliwa anakata tonge analirudisha kwa sufuria anasema hili ni la refa.

Uji ulituumiza. Dani ni mtu wa uji, na tulikuwa tunajisifu ati tumetoa sukari, ni wimbi na mtama na limau basi. Kikombe kikubwa kimoja na sukari ikapanda hadi 12 na kitu. Ni laini, ni majimaji, unapita haraka. Tumehamia kikombe kidogo, mzito, na yai la kuchemsha kando, na bado si kila siku. Nyoyo nayo imetufurahisha, ile ya mahindi na maharagwe mengi, aliila akashiba na sukari haikuruka, maharagwe yanaenda polepole. Rabuon (kiazi kitamu) moja ya kuchemsha sawa, tatu hapana. Omena, mboga ya dek, mayai, parachichi, hizo refa hana shida nazo. Ndizi iliyoiva sana nusu. Asali ilifeli vibaya na mama kanisa tulimwonyesha namba, akasema labda haikuwa asali safi, sawa.

Namba tunazolenga ni zile daktari alimpa yeye, 4 hadi 7 kabla ya kula na chini ya 10 masaa mawili baadaye, na wako wanaweza kukupa zingine kulingana na umri na dawa, kwa hivyo uliza za mtu wako. Na hatupimi kila saa. Mtu wa tembe hana haja ya kutoboa vidole asubuhi mchana jioni mwaka mzima, ni maumivu na ni pesa. Tunapima asubuhi kabla ya kula siku chache kwa wiki, tunapima tukitaka kujua chakula fulani, na tunapima akijisikia vibaya. Jirani yetu wa ploti ya pili mtoto wake ako na aina ya kwanza, ni sindano za insulini, huyo hana kuchagua, mara nne kwa siku ama zaidi. Hebu piga hesabu, mara nne kwa siku 30 kwa shilingi 30 ni 3,600 kila mwezi, stripi pekee, kabla ya sindano na friji na chakula. Mkiona mama wa mtoto kama huyo msimwambie mambo ya mitishamba na mwarobaini, muulizeni kama ako na stripi.

Na hapo nikumbuke ya majirani. Ukinunua hii kitu ploti nzima itajua kufikia jioni. "Nipime tu na mimi kidogo, mama nanii." Mwanzo unaona ni utu, halafu unaona chupa inaisha. Sai nimeweka sheria, anakuja na stripi yake ama na shilingi 30, na kisindano ni kipya kwa kila mtu, kikitoka kinaenda jerikeni. Ile kalamu yenyewe pia si ya kuzungusha ploti nzima hata ukibadilisha sindano, damu kidogo inabaki na kuna homa ya ini B na virusi vya Ukimwi, kwa hivyo wageni nawanunulia vile visindano vya kutupa vinavyojitoboa vyenyewe bila kalamu. Sheria iliniletea maneno lakini kuna baba mmoja wa bodaboda alikuja akicheka tu, ati ana kiu sana siku hizi na anakojoa usiku mzima, akasoma 19 na pointi, na hakuwa anajua chochote. Mimi sikumwambia ako na sukari, mashine ya nyumbani si ya kusema mtu ni mgonjwa, hiyo ni kazi ya hospitali na damu ya maabara, nilimwambia panda hiyo piki yako uende sai. Anameza tembe sasa na anapita hapa kila wiki kusalimia.

Lakini kama kuna siku mashine ilijilipa yenyewe yote ni siku ya matanga Nyakach. Dani alimeza tembe zake asubuhi, moja wakati huo ilikuwa glibenclamide, na chai ya strungi na kiazi kimoja, akijua watu watakula saa saba. Mnajua matanga. Saa tisa wahubiri bado wanapokezana. Msichana wangu akaja akanivuta leso, mama, Dani anaongea vitu haviingiani. Nikaenda, jasho limemlowesha kitambaa cha kichwa na upepo ulikuwa unavuma, mikono inatetemeka, ananiangalia anauliza kama ng'ombe wamerudi. Mashine ilikuwa kwa kipochi kwa mkoba wangu. 3.1. Nikachukua soda kwa kreti nikamfungulia, na hapo wamama wa boma wakanirukia, nyar Vihiga unataka kutumalizia mama, mtu wa sukari unampa soda! Nikawaonyesha namba. Chini ya 4 ni kinyume, sukari ya damu imeshuka sana, ubongo unakosa kitu ya kutumia, unampa sukari ya haraka gramu 15, nusu ya ile soda ya chupa ya mililita 300, iwe soda yenyewe si ile ya zero, ama vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwa maji, unangoja dakika 15 unapima tena. Chapati hapana, maziwa mengi hapana, mafuta yanachelewesha. Na kama mtu ashazimia usimwage kitu mdomoni atapaliwa, ni gari na hospitali mbio. Alikunywa, tukangoja, wamama wamenizunguka wananitazama hivi, 4.7, akaniuliza kwa nini nimemvua viatu. Halafu ndiyo tukampatia chakula, nikaenda jikoni mwenyewe nikakipakua kabla ya wahubiri kumaliza, na wasinisamehe.

Kliniki iliyofuata daktari aliangalia kale kadaftari ketu akambadilishia hiyo tembe, akatuambia glibenclamide si nzuri kwa mtu amepita miaka 60 kwa sababu ya kushusha sana. Bila namba ya siku hiyo tungesema tu alizidiwa na jua.

Dawa za stendi nitasema mstari mmoja. Shemeji alileta chupa ya majani, muuzaji anasema wiki moja sukari kwisha na tembe utupe. Tembe hatukutupa. Wiki iliisha, namba za asubuhi zilikuwa zilezile 8 na kitu, chupa iko nyuma ya choo mpaka leo.

Mambo madogo ya mashine yenyewe: namba kubwa, Dani anasoma bila miwani. Inakumbuka vipimo vya zamani, lakini ukitoa betri vibaya saa inarudi mwanzo na tarehe zote zinachanganyika, ndiyo maana msichana anaandika kwa daftari, safu ya tarehe, saa, namba, na alikula nini, na hiyo ya mwisho ndiyo daktari anasoma sana. Haina taa ya skrini, stima ikipotea unatafuta tochi ya simu. Kipochi zipu imeharibika mapema. Wanaotaka kisasa kuna ile sensa ya kubandika mkononi inakaa siku 14 bila kutoboa kila saa, nimeiona kwa mtu, ni nzuri, bei yake kwa mtu wa tembe kama Dani siwezi kuitetea.

Stripi sasa zinalipwa na watoto wote wa Dani kwa zamu, kila mwezi mmoja anatuma M-Pesa kwa namba yangu na mimi natupa picha ya risiti na picha ya daftari kwa grupu ya WhatsApp ya familia. Hiyo ilikuwa wazo la mzee wangu na imepunguza simu za kuniuliza mama anakula nini huko. Mwezi wa shemeji huwa inachelewa, lakini inakuja.

Betri ni ile bapa ya CR2032, mafundi wa saa mjini wanayo, nunua mbili uweke moja kwa kipochi.